Seli za Nyota Ndani ya Ukuta wa Mshipa

Wayunani wa kale walikuwa na neno athere, yaani uji mzito wa nafaka. Waganga wao walipopasua uvimbe wa ngozi na kukuta ndani yake ute mzito wa rangi ya njano, waliuita kwa jina la uji huo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1755, Albrecht von Haller alilichukua neno hilo na kulitumia kwa kitu alichokikuta ndani ya mishipa mikubwa ya damu ya maiti. Mwaka 1904 daktari Felix Marchand wa Leipzig akaliunga na neno la Kiyunani lenye maana ya ugumu, na ndipo ugonjwa ukapata jina unaloitwa hadi leo duniani kote, atherosklerosisi: uji na ugumu.

Jina hilo ni la kweli. Ukilipasua ganda gumu lililovimba ndani ya ateri ya mgonjwa, kitu kinachotoka ni kama uji uliopoa. Lakini jina hilo pia limetupofusha kwa muda mrefu. Uji hauna uhai. Anayeambiwa kwamba ateri yake imejaa uji huiona akilini kama bomba la jikoni, na ugonjwa kama mafuta ya kupikia yaliyoganda kwenye kona yake. Hata leo, katika zahanati zetu, ndivyo watu wengi wanavyoelezwa. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya watu waliochungulia ndani ya ukuta huo wakakuta umejaa viumbe hai vyenye mikono mirefu, wakabishana kwa zaidi ya karne moja na nusu juu ya majina ya viumbe hivyo.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mwaka 1911 Marc Armand Ruffer, aliyefanya kazi Misri, alieleza jinsi alivyolainisha mishipa ya maiti zilizokaushwa enzi za Mafarao, akaikata vipande na kukuta humo mabaka yale yale yanayoonekana hospitalini leo. Mwaka 2013 timu nyingine ilipitisha maiti 137 za kale, kutoka Misri, Peru na kwingineko, katika mashine za CT, na dalili za ugonjwa zikaonekana katika asilimia 34. Leonardo da Vinci, katika majira ya baridi ya 1507 kuelekea 1508, alimpasua mzee aliyefia hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Florence, akaandika kwamba mishipa ya mzee huyo ilikuwa imenenepa na kujipinda. Edward Jenner, yule yule wa chanjo ya ndui, alikuwa akikata moyo wa marehemu pale kisu chake kilipogonga kitu kigumu chenye changarawe. Aliangalia juu akidhani ni chokaa iliyodondoka kutoka darini. Ilikuwa ni ateri ya moyo.

Hao wote waliona kwa macho matupu, na macho matupu huona uji na changarawe. Kilichomo ndani kilihitaji hadubini.

Katikati ya karne ya 19 wakubwa wawili wa uchunguzi wa maiti walipingana. Huko Vienna, Carl von Rokitansky, aliyekuwa amepitia makumi ya maelfu ya maiti, alisema mabaka hayo ni mashapo: vitu vilivyokuwa katika damu huganda juu ya ukuta wa mshipa, kama matope yanavyoganda ukingoni mwa mto. Huko Berlin, Rudolf Virchow alikataa. Mwaka 1856 alishikilia kwamba jambo huanzia ndani ya ukuta wenyewe. Tabaka la ndani la ateri hukerwa na kitu fulani, likajibu kwa inflamesheni, ile hali ya mwili kuvimba na kupata joto unapopambana na jeraha, na mafuta hufuata baadaye. Kwa Virchow, mshipa ulikuwa tishu yenye kuumia na yenye kujibu. Alikuwa sahihi zaidi kuliko alivyoweza kuthibitisha, na nadhani hilo ndilo lililomponza: hakuna aliyeweza kuzionyesha wazi seli zinazoleta jibu hilo.

Hata hivyo, mtu mmoja alizichora mapema mno. Mwaka 1866 Theodor Langhans, Mjerumani, alichapisha uchunguzi wake juu ya mishipa mizima na iliyougua. Katika tabaka la ndani kabisa, chini tu ya utando unaoguswa na damu, aliona seli zenye umbo la nyota. Kila moja ilikuwa na mwili mdogo katikati na mikono myembamba inayotawanyika pande zote, hata mikono ya seli jirani ikakaribiana na kufanya wavu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1868, mwanafunzi wa Berlin mwenye jina linalofanana mno na lake, Paul Langerhans, aliloweka kipande cha ngozi ya binadamu katika kloridi ya dhahabu, akaona seli nyeusi zenye matawi zimejipanga katikati ya seli za kawaida za ngozi. Alidhani ni sehemu ya mfumo wa neva. Langhans wa mishipa, Langerhans wa ngozi: wawili hao hawakuwa na njia ya kujua kwamba kazi zao zingekutana baada ya zaidi ya miaka 120. Langerhans alifariki mwaka 1888 kisiwani Madeira, alikokuwa amekimbilia kwa ajili ya kifua kikuu, na seli zake zikaendelea kuitwa neva.

Kati ya mwisho wa karne ile na mwanzo wa iliyofuata, mambo mawili yalitoka kwa Warusi. Ilya Mechnikov, akiwa Messina mwaka 1882, aliwachoma miiba viluwiluwi wa kiti cha pwani, wanyama wadogo wanaopitisha mwanga, akaona seli zinazotembea zikiuzingira mwiba. Kutoka hapo alijenga fundisho la seli zinazokula, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Kisha mwaka 1913, mjini St. Petersburg, Nikolai Anichkov na Semyon Chalatov waliwalisha sungura lehemu safi, yaani kolesteroli, iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Aorta za sungura hao, yaani ateri kuu zinazotoka moyoni, zikapata mabaka. Dunia ilikumbuka lehemu na kusahau nusu ya pili ya habari: mabaka yalikuwa yamejaa seli zilizovimba kwa mafuta, na kati yao zilikuwemo seli nyeupe za damu.

Seli hizo zilizovimba ziliitwa seli za povu, na asili ya jina hilo inaeleza kwa nini tulichelewa. Ili kutazama tishu kwa hadubini ya kawaida, fundi wa maabara huipitisha katika alkoholi na vimiminika vingine kabla ya kuifunika kwa nta. Alkoholi huyeyusha mafuta. Mafuta yakiondoka, seli hubaki na mashimo matupu kama povu la sabuni, na lehemu iliyoganda kuwa fuwele huacha nyufa nyembamba zenye ncha kama za sindano. Wachunguzi wa vizazi kadhaa walikuwa wakisoma alama za vitu vilivyokwisha kuondoka.

Mlango ulifunguliwa na Ernst Ruska na Max Knoll, waliojenga hadubini ya elektroni mjini Berlin mwaka 1931. Ilichukua takriban miaka 20 tishu za wanyama zijue kuingia humo, kwa sababu kazi ya matayarisho ni ngumu na haina haraka. Kipande cha mshipa hukatwa kikiwa kibichi, kisichozidi milimita 1 kila upande, kikatoswa katika glutaraldehidi, ambayo tangu mwaka 1963 imekuwa dawa ya kuzishika protini pale pale zilipo. Hufuata osmiamu tetroksidi, dawa kali inayoyashika mafuta yasiponyoke na kuyatia weusi. Kisha kipande hujazwa resini, hupikwa ovenini hadi kigande, na hukatwa kwa ukingo wa kioo kilichovunjwa wakati huo huo, au kwa kisu cha almasi. Vipande vinavyotoka vina unene wa nanomita 60 hadi 90. Inabidi upange zaidi ya elfu moja kufikia unene wa karatasi moja. Vinaelea juu ya maji katika kisanduku kidogo, na fundi huupima unene kwa rangi yao, kama petroli inavyong'aa juu ya dimbwi: cha fedha kinafaa, cha dhahabu ni kinene, cha zambarau kitupwe.

Na ukifika hapo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Uwanja unaouona ni mdogo kiasi kwamba kuitafuta seli moja maalumu ni kama kumtafuta mtu Kariakoo kwa kuchungulia tundu la ufunguo.

Mwaka 1961 Jack Geer, Henry McGill na Jack Strong, wa New Orleans, walitoa uchunguzi wao juu ya umbo la ndani kabisa la mabaka ya mishipa ya binadamu. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Seli nyingi zilizobeba mafuta zilikuwa na nyuzi nyembamba zilizojipanga kwa urefu, madoa meusi pale nyuzi zinapojishikiza, na ganda jembamba la nje. Hizo ni alama za misuli laini. Zilikuwa seli za ukuta wenyewe zilizohama kutoka tabaka la kati na kuingia la ndani. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, na bado ni wa kweli. Lakini uliwavuta watafiti wengi upande mmoja. Russell Ross wa Seattle, mtu mwenye kipaji, katika miaka ya 1970 alijenga nadharia kwamba ukuta hujeruhiwa na misuli laini huzaliana kulijibu jeraha. Kwa takriban miaka 20 msuli ulikuwa ndio mhusika mkuu, na seli za kinga zilitajwa kwa kupita.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na swali lililotoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Jack Davies, aliyekuwa akifundisha Makerere, pamoja na wenzake wa St. Louis nchini Marekani, walilinganisha maiti zilizochunguzwa Kampala na zile za St. Louis, zikiwa zimelingana kwa umri na jinsia. Kati ya 632 za St. Louis, 136 zilikuwa na alama za shambulio la moyo. Kati ya 632 za Uganda, moja. Kisha mwaka 1972 George Mann na wenzake, mmoja wao akiwa Dk. Anne Spoerry, yule daktari wa ndege wa Kenya, walichapisha uchunguzi wa mioyo na aorta za wanaume 50 wa Kimaasai. Watu wa maziwa na nyama hao walikuwa na mishipa ya moyo iliyonenepa kwa ndani kama ya wazee wa Marekani. Ila mishipa yao ilikuwa imepanuka, na mabaka yaliyopasuka au kuganda damu yalikuwa haba. Mimi husoma matokeo hayo mawili kama onyo kwa kila anayeamini habari ya bomba. Ikiwa ukuta unaweza kunenepa bila kuua, basi mauti yanategemea kinachoendelea ndani ya unene huo.

Aliyeanza kuzirudisha seli za kinga jukwaani ni Ross Gerrity wa Cleveland. Mwaka 1981 alionyesha kwa hadubini ya elektroni jinsi monosaiti, seli nyeupe za damu, zinavyojishikiza kwenye utando wa aorta za nguruwe waliolishwa lehemu. Baadhi zilinaswa zikiwa katikati ya safari, nusu ya mwili upande wa damu na nusu imekwisha penya katikati ya seli mbili za utando. Zikifika ndani hugeuka makrofaji, hula mafuta, huwa povu. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walikuwa wameonyesha mwaka 1979 kwamba makrofaji zina mdomo wa kumeza chembe za lehemu zilizobadilishwa umbo, mdomo usiojua kushiba.

Lakini makrofaji ni mlaji. Nani aliyetoa taarifa? Nani aliyeita wengine? Swali hilo halijibiki kwa umbo peke yake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waligundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kila moja ikitambua alama moja tu juu ya seli. Miaka kumi baadaye, Göteborg nchini Uswidi, Lena Jonasson na Göran Hansson walizitumia kuzipaka rangi ateri za shingo zilizotolewa kwa wagonjwa. Mwaka 1986 walionyesha kwamba kiini cha uji kimetawaliwa na makrofaji, na kwamba katika kofia ngumu inayokifunika, hadi asilimia 20 ya seli ni limfosaiti za T. Hizo si seli za kufagia taka. Limfosaiti ya T hutambua kitu kimoja mahususi, tena haikitambui mpaka seli nyingine iionyeshe.

Seli hiyo ya kuonyesha ilikuwa imekwisha gunduliwa, ila mahali pengine. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliikuta katika wengu wa panya: seli yenye matawi, isiyopenda kula kama makrofaji, yenye kunyoosha na kurudisha mikono yake bila kutulia. Waliiita seli ya dendriti, kwa neno la Kiyunani la mti. Wengi hawakuwaamini kwa miaka. Polepole ikathibitika kwamba ndiyo mwalimu wa limfosaiti za T, na kwamba seli za Langerhans kwenye ngozi, zile zilizodhaniwa neva, ni ndugu zake.

Basi ilibaki mtu ashike kipande cha ateri ya binadamu na aulize kama ndugu mwingine wa ukoo huo yumo. Kikwazo kilikuwa ubichi. Maiti ikikaa saa chache, seli hujimeng'enya, na hadubini ya elektroni haisamehe. Tishu njema zilitoka mezani kwa wapasuaji wanaochubua plaki, yaani mabaka hayo, kutoka ateri za shingo ili kuzuia kiharusi. Huko Sydney, katika hospitali ya St. Vincent's, Reginald Lord alikuwa mpasuaji wa mishipa, na Yuri Bobryshev alikuwa na subira ya hadubini. Mwaka 1995 wakatoa taarifa zao.

Waliyoyaona yanastahili kutazamwa polepole. Chini ya utando wa ndani kulikuwa na seli zenye kiini kisicho na umbo maalumu, chenye mikunjo. Hazikuwa na nyuzi za msuli wala ganda la nje, kwa hiyo hazikuwa misuli laini. Zilikuwa na vifuko vichache tu vya kumeng'enyea, kwa hiyo hazikufanana na makrofaji iliyoshiba. Lakini ndani ya miili yao na ndani ya mikono yao ulitanda mtandao wa mirija na vifuko vidogo, kama mitaa ya mji wa kale inayofunguka moja ndani ya nyingine. Humo ndimo vipande vya kitu kilichokamatwa huandaliwa kabla ya kuonyeshwa. Kwa kupaka rangi ziliitikia S-100, protini iliyo katika neva na katika seli za Langerhans vilevile. Kilichokosekana kwa kawaida ni chembe yenye umbo la raketi ya tenisi ambayo Michael Birbeck aliigundua London mwaka 1961, na ambayo ni muhuri wa seli za Langerhans za ngozi. Zilikuwa ndugu, si mapacha. Wakaziita seli za dendriti za mishipa.

Jambo lililonikaa moyoni zaidi ni pale zilipokuwa. Zilikuwemo hata katika aorta zisizougua, na zilipatikana zaidi sehemu zile ambako ugonjwa hupenda kuanzia. Ndani ya plaki zilikusanyika kwa makundi karibu na vimishipa vipya, mikono yao imegusana, utando kwa utando, na limfosaiti. Somo lilikuwa likiendelea ndani ya ukuta wenyewe, si kwenye tezi za mbali. Georg Wick na wenzake wa Innsbruck nao walionyesha mwaka 2001 wavu wa seli za aina hiyo katika ateri za vijana wenye afya. Mwenye kuwa na mchoro wa Langhans wa 1866 angeweza kuulaza kando ya picha hizo. Ni haki kusema kwamba chini ya jina la seli za Langhans zilijificha aina zaidi ya moja, misuli iliyobadilika ikiwemo. Lakini wavu wa nyota aliuona.

Russell Ross, baba wa nadharia ya jeraha, aliandika mwanzoni mwa 1999 makala yenye kichwa kilichosema wazi kwamba atherosklerosisi ni ugonjwa wa inflamesheni. Alifariki miezi michache tu baadaye. Mtu mkubwa aliyekubali kusogea na ushahidi, nami namheshimu kwa hilo.

Mwaka 2009 maabara ya Steinman mwenyewe ilizifuata seli zake hadi kwenye aorta na vali za moyo wa panya. Wakati huo alikuwa na saratani ya kongosho, na alikuwa akitibiwa, pamoja na dawa nyingine, kwa chanjo zilizotengenezwa kutokana na seli zake za dendriti. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011. Tarehe 3 Oktoba, bila kujua msiba huo, kamati mjini Stockholm ilitangaza kwamba amepata Tuzo ya Nobel. Katibu wa kamati aliyetangaza jina lake, na aliyelazimika baada ya saa chache kuwaeleza waandishi kwamba mshindi ameshafariki, alikuwa Göran Hansson, yule yule aliyekuta limfosaiti za T katika ateri za shingo. Tuzo haitolewi kwa marehemu, lakini iliamuliwa ibaki, kwa kuwa ilitolewa kwa nia njema.

Dawa zilifuata. Mwaka 2017 Paul Ridker wa Boston alitoa matokeo ya wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo. Sindano ya kanakinumabu, inayozuia ujumbe mmoja tu wa seli za kinga na isiyogusa lehemu hata kidogo, ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo, kwa jumla yake, kwa asilimia 15 katika kipimo cha kati. Ilipandisha pia vifo vya maambukizi, jambo linalokumbusha kwamba walinzi hao wana kazi nyingine. Mwaka 2019 kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, ilijaribiwa kwa watu 4,745 na kupunguza matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 23.

Na jina bado halijatulia. Mwaka 2020 maabara ya Gwendalyn Randolph ilizifuatilia seli za tabaka la ndani la aorta ya panya, jeni kwa jeni, ikasema nyingi zilizoitwa dendriti ni makrofaji wakazi, waliohamia humo mapema maishani na kubaki. Maabara hiyo iko St. Louis, mji ule ule ambao maiti zake 632 ziliwahi kulinganishwa na zile za Kampala.